Kwa Tembo Hakuna Pweza

Jumatatu, 6 Oktoba
Alhamdulillahi. Bamvua zuri, maji yametoka mbali, pweza wawili, wote kutoka Kikaango, mwamba wangu wa siri. Jaafar, mvuvi mwenzangu, akauliza nimewapata wapi. Nikamjibu mwamba wa Kwa Tembo, kama nimjibuvyo miaka yote. Kwa Tembo hakuna kitu, hata kaa hupita njia tu. Akaenda. Akarudi na miiba mguuni. Nilimpa pole.

Jumanne, 7 Oktoba
Mkutano wa kamati ya wavuvi. Twapanga tengefu: sehemu ya bahari itafungwa isivuliwe, samaki wazaane. Jambo la kheri, mradi lisiwe Kikaango. Beryl wa mradi wa tengefu, mtu wa bara lakini ana adabu, alitandaza ramani akatuomba tuonyeshe tunapovua. Hakuna aliyegusa ramani. Kila mtu na siri yake. Mie nikasimama, nikaisifu Kwa Tembo mpaka mate yakakauka. Pweza wamejazana, nikasema, wanakanyagana. Hesabu yangu: wataalamu hufunga palipojaa. Wafunge huko, nibaki na Kikaango changu. Akili ni mali.

Jumatano, 8 Oktoba
Mwenyekiti, Bi Esha, kaja na sahani ya vitumbua. Kamati imeniona mtu mkweli: wengine wameficha, mimi nimesema hadharani. Basi hawatanikata riziki. Kwa Tembo pameachwa wazi, ni pangu. Watafunga pale panapofaa samaki kuzaana na ambapo hakuna aliyesema anavua. Nikauliza wapi. Kikaango.
Kitumbua kikanikwama. Na aliyenitetea kuliko wote ni Jaafar! Nikalia. Bi Esha akadhani ni furaha, na wallahi nusu yake ilikuwa furaha, maana sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya sala, dua, kisha maboya ya kuonyesha mpaka wa tengefu. Kwa heshima, niliombwa nifunge la kwanza. Nimeifungia riziki yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na watu wakanishukuru. Nami nikawashukuru. Ningefanyaje?

Jumamosi, 11 Oktoba
Mke wangu Mwanasha kauliza watoto watakula nini. Nikaenda Kwa Tembo, asubuhi nzima, nikarudi na chupa ya plastiki. Jaafar akaniona. Hakucheka. Alisema bahari ina siku zake, akanishika mkono akanipeleka kwenye mwamba mpya alioupata juzi, akanionyesha mashimo yote. Tukapata pweza mkubwa. Akanipa mzima, akasema ni wa watoto. Mungu amlipe.
Ufukweni tukakutana na Shutu, katibu wa kamati, ambaye tayari anapanga tengefu la pili. Akauliza tumempata wapi. Kabla Jaafar hajafungua kinywa, nikajibu: Kwa Menza. Huko nako ni mchanga mtupu.
Jaafar akanishangaa. Nikamweleza njiani, kwa mapenzi tu, kwamba mtu aliyenifaa hivi siwezi kumwacha aponzwe na ukweli.