Kasia Mkononi Hadi Uani kwa Baba

Jumatatu, 29 Machi 2010
Theluji inayeyuka. Binamu yangu Salme amechomeka kijiti cha kupimia maji mbele ya ngazi. Msimu wa tano unakaribia, yale mafuriko yetu ya hapa Soomaa, nchi ya vinamasi, kati ya baridi na machipuko.

Nilikitoroka kijiji hiki nikiwa na miaka kumi, wakati wa vita, tukavuka bahari hadi Uswidi. Sasa nina sabini na sita. Nimeapa: safari hii nitafika kwenye mahame ya nyumba ya baba, kule kinamasini, na kasia litakuwa mkononi mwangu. Kwa miguu hapafikiki. Ndege yangu ni Jumanne ijayo.

Kikwazo ni Jaagup, jirani, miaka sabini na minane. Hajawahi kuhama. Kila mafuriko ndiye humpigia Salme kasia. Mimi ananiita Mswidi.

Jumatano, 31 Machi
Maji yamefika banda la kuni. Ukungu. Miti imesimama juu ya vivuli vyake. Huwezi kujua mbingu ni ipi. Korongo wanalia mahali fulani ndani ya ule weupe. Nilisikiliza hadi nikasahau kilichonitoa nje.

Mtumbwi! Wa marehemu mume wa Salme, mwembamba kama ganda la kunde. Jaagup ameufunga kwa kamba ndefu iliyolegea. Hila yake nimeing'amua: anataka kuuchukua nikiwa usingizini. Nimeufunga upya, chini kabisa ya nguzo, kamba fupi, mafundo matatu ya kibaharia. Aje sasa!

Alhamisi, 1 Aprili
Maji yalipanda usiku. Kamba fupi iliuzuia mtumbwi kupanda nayo. Umevutwa pua chini, umejaa, umezama.

Jaagup alifika na mabuti yake marefu, akauliza ni mjinga gani huyo anayefunga mtumbwi kama ng'ombe. Akasema hapa maji hupanda watu wakikoroma, hata kuku wanajua. Salme, Mungu ambariki, akamwambia ni mzaha wa tarehe mosi Aprili. Wakacheka. Nikacheka kuliko wote. Jaagup akazamisha mkono hadi begani, akaikata kamba kwa kisu.

Bega! Nimepata wazo.

Ijumaa Kuu, 2 Aprili
Nilimweleza Salme kwa upole kwamba bega la mzee, likishaloa maji ya barafu, lazima lipumzike siku tatu. Kasia nitalishika mimi, kwa huruma tu.

Salme akamfikishia. Saa moja baadaye Jaagup akaja na ndoo mbili za maji matamu ya mti, yale tunayoyakinga kutoka shinani kila mwaka majira haya, moja kila mkono. Akanijazia kikombe. Eti kunywa, Mswidi, yanawafaa wenye huruma nyingi.

Yalikuwa na ladha ya utoto wangu. Sikumwambia.

Jumapili ya Pasaka, 4 Aprili
Tumekwenda. Jaagup mbele na kasia, Salme nyuma, mimi katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama yai kiotani. Tulipita juu ya malisho, juu ya ua wa mtu, juu ya barabara. Yalisikika matone tu kutoka kwenye kasia.

Kisha Jaagup akageuka, akaninyooshea kasia. “Haya, shika. Mtu haingizwi kwao kama furushi.”

Nilipiga kasia mwenyewe! Chini ya maji nikaliona jiwe pana la kizingiti. Nilivua kofia. Nikaweka kipande cha mkate mweusi juu ya maji, nikamwita mama kwa jina. Nililia kidogo. Jaagup naye alivua kofia, akainamisha kichwa hadi nilipomaliza.

Jumatatu, 5 Aprili
Salme ameshindwa kunyamaza. Lile jiwe ni la banda la nguruwe la baba yake Jaagup. Kwetu ni hatua mia tatu mbele, nyuma ya misonobari. Alipomuuliza Jaagup mbona hakusema, alijibu kwamba Mswidi alikuwa keshaanza kulia, angemkatizaje?

Nimelala chali mchana kutwa, nikitazama mwanga wa maji ukichezacheza darini.

Nimefikia uamuzi. Jaagup amezeeka, kumbukumbu imemtoka. Ni jambo la kusikitisha, mtu kushindwa kutofautisha nyumba ya jirani na banda la nguruwe la kwao. Hata hivyo, kwa kuwa ndege yangu ya kesho ni ya jioni, asubuhi nitakwenda peke yangu, nikaage tena pale pale kwenye jiwe letu. Sihitaji kuelekezwa. Njia naijua.