Sikio la Dozi na Ukuta wa Mstaafu

Mke wa Mstaafu ameondoka nyumbani kwa sababu ya bili ya maji. Hakuna kingine. Hakuna mwanamke wa pembeni, hakuna ulevi, hakuna ugomvi wa mawifi. Bili zilianza kupanda tangu mzee astaafu. Kwa kuwa sasa anashinda nyumbani, ndiyo kwanza akamwona mkewe akifua. Akamwambia mama wa watu kwamba anafua kwa fujo, akafunga bomba la uani kwa kufuli. Mama akabeba mabeseni yake mawili akaenda kwa dada yake. Maneno aliyoyaacha mlangoni ni haya: "Nitarudi siku utakayonitajia jina la anayekunywa maji yako."

Haya tunayajua kwa sababu kijiwe chetu kiko ubavuni mwa nyumba yake. Ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wake upande wa barabara, na birika la Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutusuta bure. Mimi nachomea mageti, hapa naitwa Nondo. Redio ni kinyozi. Akinyoa kichwa kimoja, mtaa mzima unajua kilichomo. Dozi anauza viatu vya mitumba na hana mfuko wa suruali usio na dawa. Yeye hukaa mwisho wa benchi, mahali tunapopaita Kiyoyozi, maana ukuta pale una ubaridi wa ajabu hata jua likiwa la kukaanga. Alipapata kwa ubabe, akidai ni mgonjwa.

Siku hiyo Redio alikuja na simu mkononi, akaanza kabla hajakaa.

"Sikilizeni habari. Watu wa maji wamesema nusu ya maji ya mji huu yanapotea. Yanatoka mtamboni vizuri, hayafiki kwa mtu."

"Yanaenda wapi?" Mama Birika aliuliza.

"Ndiyo wanayatafuta."

"Na wakiyapata," Dozi alisema, "watajuaje kuwa ndiyo yale?"

Mstaafu alikuwa katikati ya benchi, shati lake limekunjamana kama karatasi ya kufungia karanga. Aliweka kikombe chini.

"Waacheni wasihangaike. Yamo kwenye bili yangu."

"Ile ya zamani?"

"Mpya. Imekuja asubuhi. Ni kubwa kuliko ile."

Mama Birika akaacha kumimina. "Kubwa kuliko ile iliyomwondoa wifi?"

"Kubwa kuliko."

"Na wifi hayupo mwezi mzima."

"Hayupo."

"Wewe unafua?"

"Nafua kola tu."

"Unaoga?"

"Mama Birika, hapa ni kahawani au mahakamani?"

"Jibu, mzee. Tunapima maji."

"Nusu ndoo," Mstaafu alisema, akitazama barabarani.

"Basi mke hayupo na bili ipo," Mama Birika alisema. "Mshtakiwa yuko safarini na wizi unaendelea. Hakimu anasemaje?"

Hakimu akachungulia kikombe chake. Redio akasema.

"Hiyo ni mita. Mita siku hizi zinakunywa upepo. Bomba likipiga miayo, unalipia."

"Mimi naona ni jirani," Dozi alisema. "Amejiunganishia mpira kwenye bomba lako."

"Jirani yangu ana kisima."

"Ndiyo ujanja wenyewe. Mwizi wa kuku hufuga bata."

Nikaona hawa watafikisha jambo kwa mganga. "Twendeni tukaione mita," nikasema. "Tufunge kila bomba, tuitazame. Ikitulia, mwizi ni mtu. Ikizunguka, mwizi ni nyumba."

"Yote yamefungwa," Mstaafu alisema. "La uani lina kufuli."

"Najua. Komeo lake nilikuchomea mimi."

"Na wewe uliyemfungia mama bomba, leo ndiye shahidi wake?" Mama Birika aliniuliza. Nikatangulia getini.

Mita iko kwenye kishimo chini ya geti, ina mfuniko na buibui wake. Tulifunua, tukachuchumaa wanne kama tunacheza bao. Nyumba nzima hakuna hata tone linalotumika, lakini kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka polepole, kwa raha zake, kama mtu anayetembea baada ya kushiba.

"Kinatucheka," Mstaafu alisema.

"Ni choo," Redio alisema. "Tangi la choo huvujia ndani kwa ndani bila kelele. Leta bluu ya kufulia. Unatia kwenye tangi, huvuti maji, unasubiri. Bakuli likigeuka bluu, mwizi umemshika."

"Umejuaje?"

"Nimenyoa mafundi bomba."

Bluu ikatiwa, tukakaa sebuleni kusubiri. Hatukumaliza mazungumzo ya kwanza, Dozi akanyanyuka kimya kimya. Tukasikia maji yanavutwa. Akarudi ameshika ukuta.

"Nondo, niambie ukweli kama ndugu yangu. Mtu akikojoa bluu, amebakiza siku ngapi?"

Ikabidi tutie bluu mara ya pili na kumkalisha Dozi kati yangu na Redio. Tulimweleza kuwa ni bluu ya tangi, hakuamini. Alikuwa ameshameza vidonge viwili. Safari hii tulisubiri hadi miguu ikafa ganzi, na bakuli likabaki jeupe. Choo hakina kosa. Mabomba yote yamefungwa. Mita bado inazunguka.

Tukarudi kijiweni tumenyong'onyea. Dozi akaketi Kiyoyozi chake, akaegemeza kichwa ukutani, akatoa kichupa, akajidondoshea dawa sikioni.

"Na hili nalo limeanza tena."

"Lina nini?" Mama Birika aliuliza.

"Linalia. Ssss. Kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu."

"Tangu lini?"

"Tangu mzee astaafu. Nilidhani ni huzuni."

"Nyumbani linalia?"

"Nyumbani linatulia."

"Zahanati je?"

"Zahanati ndiyo halithubutu kabisa. Sikio langu lina adabu, linaogopa daktari. Linanisumbua hapa tu. Daktari akasema nipunguze kahawa."

"Huyo daktari mlete hapa," Mama Birika alisema.

Mimi nikaacha kunywa. "Dozi, toa kichwa ukutani."

Akatoa.

"Linalia?"

"Limenyamaza."

"Rudisha."

"Linalia."

"Toa tena."

"Nondo, hiki ni kichwa, si swichi."

Nikatia sikio langu pale. Ukuta ulikuwa baridi kama shingo ya mtungi, na ndani yake kulikuwa na mtu anakaanga. Redio akasikiliza. Mstaafu akasikiliza, akavua kofia, akasikiliza tena. Miezi mitano tulikuwa tumeegemea bomba linalovuja, na kazi yetu ilikuwa kugombania nani akae karibu nalo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Birika alisema. "Nyinyi kiko mgongoni na bado mnakisifia."

Kwa kuwa sikio lenye uzoefu ni la Dozi, tulimshika mabega tukamtembeza ubavu ubavu, kichwa kikikwaruza ukuta.

"Hapa linakaanga," akasema. "Rudini nyuma. Hapa linachemka. Panda juu kidogo, hapa linapiga mluzi."

Nikaweka alama ya chaki. Hapo Dozi akashtuka na kujinasua.

"Ngojeni kwanza. Mkiziba, ubaridi utabaki?"

"Hautabaki."

"Basi tusikurupuke. Jambo la watu wote hili. Tupige kura."

"Hata mimi naona tusubiri msimu wa jua upite," Redio alisema. Yeye ndiye hukaa wa pili kutoka Kiyoyozi.

Mstaafu alisimama. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo sauti ilimtoka ya ofisini. "Mke wangu yuko kwa watu. Mwezi mzima nakula mkate na maji, na maji yenyewe nayaogopa. Wewe unaniletea habari za mgongo wako?"

Kura ikaishia hapo.

Tukaingia ndani kutafuta upande wa pili wa alama. Ulikuwa sebuleni, juu ya kabati, na mahali penyewe palikuwa na picha ya Mstaafu mwenyewe, kubwa kama dirisha, fremu ya dhahabu. Amevaa suti, ameshika saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa kazini. Tulipokaa kusubiri bluu tuliipa kisogo. Sasa tuliitazama. Usoni ilikuwa imeota ukungu wa kijani, kuanzia shavu hadi kidevu.

"Mzee," Redio alisema, "njoo dukani nimnyoe huyu."

Chini ya picha rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Tukavuta kabati, nyuma yake doa limetanda hadi sakafuni.

"Hili doa hukuliona?" nilimuuliza.

"Shemeji yenu aliliona. Aliniambia mara tatu. Nikamwambia hilo ni jasho la ukuta."

"Kisha ukafanya nini?"

"Nikasogeza kabati."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Redio alisema. "Habari ya kusogeza kabati hawakuiwaza kabisa."

Nikaishusha picha. Msumari ulikuwa umekula kutu, na kichwani pake pamening'inia tone. Likadondoka, likaja jingine. Nikaushika kwa koleo nikauvuta, jambo ambalo mtu mwenye akili hufanya baada ya kufunga koki kuu. Mchirizi ukatoka kama mate ya nyoka, ukampata Redio mdomoni akiwa katikati ya neno. Mstaafu akakimbilia getini kufunga koki. Dozi akatia sikio ukutani.

"Limepona," akasema kwa sauti ndogo.

Bomba la bafuni linapita pale pale. Msumari ulikuwa umelitoboa, na wenyewe ukawa ndio kizibo, lakini kila ulivyoliwa na kutu, maji yalipata njia pana zaidi.

"Nani alipiga msumari huu?" nikauliza.

Mstaafu alikuwa amerudi, suruali imelowa. "Shemeji yenu alisema bomba linapita hapo, tumuulize fundi kwanza. Nikamwambia ukuta wote huu mpana, msumari na bomba vitakutana wapi?"

Kila mmoja alikuwa anakumbuka misumari yake.

Sasa simu. Jina la mnywaji limepatikana, lazima litajwe, la sivyo mzee atalala na mkate wake. Redio akasema, "Mwambie ni panya." Dozi akasema, "Mwambie ni ujenzi wa siku hizi." Mama Birika, aliyetufuata na birika lake, akasema, "Mwambie kweli, na simu uweke sauti tusikie wote."

Simu ikaita, ikapokelewa.

"Mama Watoto, nimempata anayekunywa maji."

"Nani?"

"Msumari."

"Msumari wa nini?"

"Wa picha."

"Picha ya nani?"

Mstaafu akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyempokea macho.

"Yangu."

Upande wa pili tukasikia chombo cha plastiki kinagonga chombo cha plastiki. Mama anapanga mabeseni.

"Fundi aje kabla yangu," akasema, akakata.

Fundi bomba akaja, akakata ukuta, akabadilisha kipande. Kabla plasta haijapakwa, mama alishasimama mlangoni, akamwamuru apige picha mabomba yote yalivyo uchi ili yajulikane yanapopita. Ndiyo picha aliyoitundika sebuleni, kwa gundi. Siku hizi kila mwisho wa mwezi, kabla ya kulala, anafunga mabomba yote na kumtuma mzee na tochi akasome mita, na asubuhi anamtuma tena. Namba ikisogea, mzee ndiye anayeulizwa.

Hasara yote kwa jumla ni hii. Ukuta, umekatwa toka kiunoni hadi juu. Kabati, miguu yake miwili ya nyuma imeoza. Picha ya suti, iko stoo na ndevu zake. Mwezi mzima wa mkate. Chupa sita za dawa ya sikio lisiloumwa. Kiyoyozi, ambacho sasa ni kikaango, na Dozi amehamia kivulini kwa Mama Birika, anasema mgongo umeanza kumwasha. Na kufuli moja. Hilo mama alilitoa bombani akalihamishia kwenye geti. Analifunga saa kumi na mbili jioni, mzee awe ndani asiwe ndani, na ufunguo anao yeye.