Mrudisheni Shangazi Katika Filamu ya Rokotui

Kijiji cha Naivotuwai,
Kisiwa cha Ovalau,
Fiji.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUFUTWA KWA SHANGAZI BILA TAARIFA

Nakusalimu kwa heshima zote, na pole kwa kazi ya kututafutia habari. Katika toleo la wiki iliyopita mliwaomba watazamaji watoe maoni kuhusu ile filamu kubwa iliyotokana na riwaya yetu ya zamani, Rokotui na Ngoma Iliyoibwa. Mlisema maoni yawe mafupi. Nimejitahidi, lakini nimekasirika.

Kwa waliozaliwa jana: Rokotui ni kijana aliyevuka bahari kwa mtumbwi kwenda kuirudisha ngoma ya chifu wake, iliyoibwa na maharamia. Kila mtoto wa kijiji chetu anaijua safari ile. Na kila mtoto anajua kwamba Rokotui hakwenda peke yake. Alikwenda na Shangazi Makelesi, mwanamke wa kilo nyingi na maneno mengi zaidi.

Filamu ililetwa kwetu Ijumaa moja ya mwezi uliopita. Vijana walitundika shuka kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, nasi tukatandika mikeka na kukaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shangazi Makelesi hayumo. Nilimsubiri kwa utulivu. Mwanzoni nilidhani amelala kwenye mtumbwi, chini ya makuti. Vita vya mwisho vilipoanza nikamwambia jirani yangu Unaisi, “Shika vizuri, sasa anatokea.” Hakutokea. Mahali pake wamemweka msichana anaitwa Senimili, kiuno kama mpini wa ufagio, anaruka juu ya vichwa vya maharamia. Ndugu Mhariri, kitabuni Shangazi Makelesi alimpiga mkuu wa maharamia kwa gimbi la moto, kisha akamuuliza, “Wewe ni mtoto wa nani?” Yule jambazi akalia, akaitoa ngoma. Kwenye filamu wamechoma meli nzima kuipata ngoma ileile. Ipi ni njia ya mkato?

2. Nimedhalilishwa hadharani. Binamu yangu Semesa, ambaye kwa mila zetu anaruhusiwa kunitania mpaka tuzikwe, alisimama katikati ya ukumbi akapaza sauti: “Vase, usilie! Walitaka kumweka shangazi, ila shuka halikutosha!” Watu wakacheka mpaka mashine ikazimika. Nilimjibu kwamba yeye nafasi yake ilikuwepo, mule filamuni, kwenye kundi la mbuzi. Lakini jibu linalokuja watu wakishacheka halina nguvu, wewe mwenyewe unajua.

3. Vijana wameharibika. Josaia, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi, nilimtuma nazi kesho yake asubuhi. Akanyoosha miguu akasema, “Shangazi, umeiona filamu? Rokotui hatumwi na mtu.” Wengine husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa kwetu hufunzwa na shangazi, na ulimwengu hubakiwa na kazi ndogondogo. Sasa shangazi akiondolewa, mnautwisha ulimwengu mzigo usiouweza.

4. Usalama wa taifa. Kama shangazi anaweza kufutwa kwenye filamu, kesho atafutwa msibani. Nani atawaambia wageni kwamba wameshiba? Nani atakumbuka kwamba yule kijana mzuri wa mjini ni ndugu yako wa upande wa bibi, usimkonyeze? Watu wataoana ovyo, watazaliwa watoto wasiojua wamwamkie nani, watoto hao watakuwa wabunge. Nimeishia hapo ili nisiwatishe wasomaji.

5. Harusi. Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Josaia alimchumbia Kelera, binti wa kijiji cha pili, ambako nahisi kitabu walikisoma vibaya. Ni binti mzuri, ana adabu. Alikuja kwangu, akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo, “Shangazi, usichukie. Siku ya harusi nataka nije kama Senimili. Nisimame peke yangu mbele ya mtumbwi, na mkuki mkononi. Bila msafara wa mikeka.”

“Na sisi je?”

“Nyinyi mtakaa kivulini, mpumzike.”

Mpumzike! Ndugu Mhariri, mkeka wa harusi ya Josaia nilianza kuusuka siku tuliyomzika baba yake, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya. Bibi harusi wa kwetu huzungukwa na mashangazi na mikeka yao mpaka mlangoni mwa kanisa, ili asihisi kwamba anaingia ukoo mgeni peke yake. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini yeye aliacha mbachao kwa filamu ipitayo. Sikumgombeza. Nilisema, “Haya, mwanangu,” nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Mume wangu aliponiuliza, nikasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Siku ikafika. Kijiji kizima pwani, mchungaji na kitabu chake mkononi, sisi mashangazi watatu chini ya mti tukipumzika kwa hasira. Mtumbwi ukaja. Kelera amesimama mbele, mkuki juu, amejifunga kitambaa chetu cha gome la mti kilichochorwa vizuri, kinaburura mpaka kwa wapiga makasia. Alipendeza, nakiri. Upepo ukainua ule mkia wa kitambaa ukamfunika uso mpiga kasia wa kwanza. Mtumbwi ukapanda mwamba wa matumbawe, ukapinduka.

Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Tatizo halikuwa maji. Kitambaa cha gome kikilowa huwa uji. Kelera alisimama na mkuki wake, na vazi la harusi likaanza kuondoka kipande kipande mbele ya mchungaji, wazazi na Semesa.

Sikumbuki kuamua. Nilijikuta baharini na viatu vya kanisani, mkeka kichwani, Unaisi na mwenzetu wa tatu nyuma yangu na mikeka yao. Tukamzunguka. Nikamviringisha mkeka wa Josaia toka kwapani mpaka miguuni. Akaning'ang'ania akasema, “Shangazi, usiniache.”

“Nikuache niende wapi? Viatu vimejaa maji.”

Akacheka huku analia. Tulimpeleka hivyohivyo mpaka mlangoni mwa kanisa, watu wakipiga makofi zaidi kuliko walivyoipigia ile filamu. Mchungaji alikuwa amefumba macho, na mpaka leo anashikilia kwamba alikuwa anaomba.

Kwa hayo yote, naomba filamu ipigwe upya, shangazi arudishwe kwa ukubwa wake kamili, na shuka liongezwe upana. Senimili anaweza kubaki, apewe kazi ya kumenya magimbi. Ikiwa hatapatikana mwanamke wa kuigiza nafasi ya Shangazi Makelesi, mimi sina shughuli Jumanne.

Wasalimie watu wote wa ofisini kwako, mama watoto, na yule anayechora vibonzo, mwambie amezidisha pua za mawaziri lakini aendelee.

Ni mimi niliyekerwa kwa heshima,

Vasemaca Ledua,
Mwenyekiti, Umoja wa Mashangazi wa Naivotuwai.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimeazima kitabu kwa mke wa mchungaji, ninukuu ukurasa wa Shangazi Makelesi ili wenye filamu wakose pa kutorokea. Nimekisoma chote, na jalada pia. Hayumo. Yumo mjomba mmoja, anakwamwa na mwiba wa samaki sura ya pili na hatajwi tena. Senimili yumo, na anaruka. Kumbe sisi hatukuwahi kukisoma wenyewe. Watoto wote wa kijiji tulisomewa na marehemu Shangazi Salote, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na miwani. Basi naomba malalamiko yote ya hapo juu yaondolewe kwa wenye filamu, apelekewe mwandishi wa kitabu, kwa uzembe wa kumsahau mtu muhimu kiasi hicho. Naambiwa alifariki kabla baba yangu hajazaliwa. Si kitu. Mpeni muda, nitasubiri jibu.