Baba Anatoka Kama Moshi

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Magodoro.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: KIWANDA CHAKO KINAVYOHARIBU PICHA ZANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa karibu na dirisha. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, binti wa yule fundi wako anayeshona kingo za magodoro, mrefu, anayecheka kwa mabega. Shuleni tuna klabu ya picha, na kamera ya klabu tunapewa kwa zamu. Sasa zamu ni yangu, na zoezi ni "Watu wa nyumbani kwetu, siku ya kawaida." Picha bora itabandikwa ukutani nje ya maktaba. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Baba hutoka kabla jua halijachomoza, na kwa sababu ya saa za ziada hurudi limeshazama, hata siku za mapumziko. Mwalimu wa klabu ametufundisha kwamba kwenye giza shata ya kamera lazima ikae wazi muda mrefu ili mwanga uingie, na anayetembea hapo hutoka kama moshi. Baba akirudi hatulii: anavua viatu, ananawa, anakagua madaftari ya mdogo wangu, huyo kitandani. Mama, anayeosha vyombo dirishani asubuhi, ametoka safi hadi povu linahesabika. Bibi naye ametoka safi, kwani akisikiliza redio hasogei. Nilipotuma picha kwenye kundi la familia, mjomba akaandika, "Mpwa wangu, jikoni kwenu kunaungua?" Moshi huo alikuwa baba.

2. Niliongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Picha ikajaa chenga. Bibi akavaa miwani, akauliza, "Mwanangu ameugua surua lini tena, na utu uzima huu?" Nimechunguza: baadhi ya chenga zile ni vipande vya sponji lako kwenye nywele za baba.

3. Nilifungua tundu la lenzi hadi mwisho. Hapo kamera huona vizuri kitu kimoja tu, vingine vinafifia. Ikachagua birika.

4. Nilitumia flashi. Baba akashtuka, akasema, "Nakuja, bosi!" Picha ni kali kweli, lakini aliyemo si baba wa nyumbani. Huyo ni wako.

5. Nilimwomba asimame tuli mlangoni. Alikubali, akaegemea mlango, akalala. Namshukuru kwa utulivu, ila mama amekataza picha hiyo isimfikie shangazi. Nilishangaa kidogo kwamba mtu anayeshinda na magodoro apate usingizi kwenye mlango.

Ndugu Meneja, penye nia pana njia, lakini mwalimu anasema penye giza hapana picha. Hivyo naomba lolote kati ya haya:

(a) Umruhusu baba awe nyumbani siku moja ya kazi, saa nne asubuhi, mwanga unapoingia jikoni.

(b) Ikishindikana, ukihamishie kiwanda jikoni kwetu. Meza tutaisogeza.

(c) Hilo nalo likikushinda, uje wewe usimame dirishani mahali pake, maana wewe ndiye unayemwona mchana na unajua uso wake unavyokaa. Utuambie pia kama mvi zimeongezeka. Kwa taa yetu hatuna hakika.

Wasalimie wote ofisini, mlinzi wa getini, mafundi wenzake, na baba pia, ukimwona. Mwambie hatujambo.

Wako mtiifu, ninayesubiri mwanga,
Binti wa Mshona Kingo.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mwalimu amechagua picha bora, na ni ile ya moshi. Imeshabandikwa. Wenzangu wanasimama mbele yake wakisukumana: "Jamani, si baba yangu huyu!" "Si wako, huyu ni wangu!" Kwa hiyo malalamiko yangu yote matano yameanguka, na naomba uyafute. Ombi (a) liache palepale. Kamera nimeshairudisha.