Komite ya Kilio Changu

Jumatatu, 5 Juni

Ninakufa! Na mtu aliye karibu na kaburi hana sababu ya kudanganya, kwa hiyo naandika yote. Daktari Munezero amenipima tansio, yaani presha ya damu, akasema moyo wangu umechoka. Miaka ya uprefe, kuongoza shule, sasa urais wa komite za arusi na vilio, matanga yote ya mtaa wetu wa Keshero, usingizi wa kuibia: mwili ndio uliokuwa ukilipa. Ameagiza nipumzike, niache chumvi na mikutano. La sivyo nitaanguka.

Mimi nilisikia jambo moja tu: kilio changu hakina komite! Nikizembea, rais atakuwa jirani yangu Cirimwami, ambaye katika kilio cha mwisho alichelewesha maharage mpaka korali ikaimba imekaa kwa njaa.

Naungama: Domitille, mke wangu, nimemwambia daktari ameagiza matembezi.

Jumanne, 6 Juni

Nimetembea. Mpaka mtaa wa Majengo, na fimbo yangu, kujaribu vipaza sauti. Nimechagua kitenge cha sare ya familia: njano! Nimegombana na mwenye viti vya plastiki, aliyetaka kujua tarehe. Tarehe! Nikamjibu anivumilie, bado nina shughuli.

Kichwa kinagongwa kama na fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao. Vidole vya kushoto vimekufa ganzi. Sina nafasi ya kuugua.

Alhamisi, 8 Juni

Mkutano soko la Kituku, nyuma ya wauza samaki, ili Domitille asijue. Nani akatokea? Cirimwami! Akauliza, kwa heshima zote, muzee, marehemu ni nani. Wote wakanitazama. Akanipa pole. Kisha akaeleza kwamba tangu mababu maiti haongozi kilio chake. Nani atamwamsha atie sahihi ya maharage? Wakacheka. Wakapiga kura. Ameshinda! Shemeji yangu mwenyewe alinyoosha mikono yote miwili.

Nilisimama kupinga. Mdomo ukaenda upande, maneno yakakataa. Nikaanguka juu ya beseni la sambaza, dagaa wa ziwani.

Jumamosi, 10 Juni

Hospitali. Daktari anasema mshipa wa kichwa uliziba kidogo, ukafunguka. Safari nyingine huenda usifunguke.

Domitille aliingia. Nilikuwa bado nanuka samaki. Nilingoja matusi. Akaniuliza tu, kwa jina la binti yetu: Papa Élodie, unakufa ama unaoa? Kisha akalia. Akasema hataki kilio kizuri, anataka mtu wa kunywa naye chai. Jamani! Sijawahi kuogopa hivyo. Nikaungama yote, hata rangi ya kitenge. Nikaapa kupumzika. Akachukua simu yangu, akaifunga kiunoni ndani ya kitenge chake.

Jumatano, 14 Juni

Nimelala kama mtoto! Tansio imeshuka! Vidole vimeamka! Daktari amepiga makofi.

Mchana wameleta mgonjwa kitanda cha pili: Cirimwami! Tangu apewe urais hajalala. Viti, maharage, shemeji yangu. Tansio imempanda. Akasema muzee, kile kiti chako ni sumu. Tulicheka mpaka muuguzi akatufokea.

Sasa nimeelewa: kupumzika ndiyo dawa. Lakini chumba hiki kinapumzika ovyo! Mmoja anakoroma, mwingine anageukageuka, hakuna ratiba, hakuna msimamizi. Nimeunda Komite ya Mapumziko. Mimi rais, Cirimwami makamu. Mkutano wa kwanza kesho alfajiri, kabla daktari hajafika.

Nimemwomba Domitille simu. Nimemwambia ni ya kusikiliza zaburi.