Mapipa Kumi na Tisa ya Baruti

Jumatatu, 3 Juni

Nimekuwa kapteni. Bado hawajanichagua, lakini hilo ni suala la tarehe tu.

Habari yenyewe ni hii. Jumapili mtaa wetu unacheza Vita vya Ngome na mtaa wa ng'ambo ya barabara, pale kwenye banda la gemu. Wametufunga mara tatu mfululizo. Siku hizi wakikutana nasi dukani wanatuuliza kama tumeshajenga ukuta. Mwenye banda kasema kapteni atapatikana Jumamosi, kwa mechi moja tu. Wagombea ni wawili: mimi na Sindano. Sindano ni dada mmoja fundi cherehani, ana kibanda chake mkabala na duka la dawa. Mpole, haongei sana. Watu wa namna hiyo kichwani hamna kitu, ndiyo maana hawana cha kusema.

Mama nimeshamwambia kapteni ni mimi. Mjomba pia. Sikudanganya, nimetangulia kidogo.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakuwa maarufu, mchezo uko hivi. Kila mmoja ana ngome, bendera na askari saba. Zamu kumi na mbili. Anayeng'oa bendera ya mwenzake kashinda. Zamu zikiisha bendera hazijang'oka, wanahesabiwa waliobaki hai. Wengine wanahangaika na mapanga. Mimi ni mtu wa milipuko. Bomu la mkono unalirusha zamu hii, linalipuka zamu ijayo. Bomu la kutega unalifukia, na atakayelikanyaga ni lake, awe adui au shemeji yako. Pipa la baruti unalivingirisha hadi ukutani, unaliwasha, ukuta kwaheri. Kila zamu unapewa dhahabu ya kununulia. Mkakati wangu: ninunue yote, nisitumie hata moja mpaka wakati wake ufike. Haraka haraka haina baraka.

Leo nimecheza mara tatu. Nimefungwa mbili. Ya tatu umeme ulikatika nikiwa nafungwa, kwa hiyo nimeihesabu ushindi.

Jumanne, 4 Juni

Kazini na mjomba tangu asubuhi. Mjomba ni fundi mwashi, mimi ni mkono wake wa kulia, ingawa yeye husema ni mkono wa kubebea ndoo. Tunajenga ukuta wa ghala. Nikamweleza jinsi pipa moja la baruti lingeuangusha ukuta huu wote kabla hajafuta jasho. Akaniambia nilete saruji. Nilipoleta akauliza kapteni amechaguliwa lini na nani. Nikasema mambo yanaendelea. Akasema ameshaona watu wakiezeka nyumba kabla ya kuinua kuta, na mvua ilipokuja hawakuwa na pa kulia.

Mjomba hapendi vijana waendelee.

Jioni bandani nikajenga ngome yangu ya kifundi. Kuta nene pande zote, pembe zimenyooka, hakuna mlango. Mlango ndio udhaifu wa nyumba, mwizi yeyote anajua. Mwenye banda akapita, akasimama nyuma yangu kwa muda, akauliza askari wangu watatokea wapi. Nikamwambia aangalie biashara yake.

Zamu ya tano nikaona nimtishe adui. Nikarusha bomu la mkono kutoka ndani. Likagonga ukuta wangu, likarudi, likatua katikati ya ua. Nimeshaandika kwamba hulipuka zamu inayofuata. Basi askari wangu wote saba wakakaa zamu nzima wakilitazama. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Ukuta lakini haukupata hata ufa. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

Jumatano, 5 Juni

Ujasusi. Niliingia kwa Sindano na suruali iliyochanika, nimpeleleze huku akishona. Suruali haikuwa imechanika, nikaichana mwenyewe na mwiko wa mjomba wa kujengea. Nilikusudia tundu la kidole. Mwiko ulikuwa umenolewa. Nimetembea mtaa mzima nimejiziba nyuma kwa mfuko wa saruji.

Sindano akanipa khanga nijifunge, akaweka suruali kwenye cherehani. Nikaanza kumchimba kwa mbali, kwa akili. Hakungoja nimalize. Akasema kama nataka kujua anavyocheza si niulize tu kaka, kuliko kuharibu nguo nzima. Akanieleza yote. Mlango wa ngome yake anauacha wazi, ndani ya kizingiti anafukia bomu la kutega, kisha anakwenda zake. Adui akiona mlango wazi haulizi. Halafu pipa moja kwenye pembe ya ukuta wa mwenzake, zamu ya nne, maana pembe ikienda ukuta hausimami. Akaongeza kwamba bomu usilolilipua ni mzigo tu, sawa na kitambaa usichokikata.

Nilicheka kimoyomoyo. Nani anamwambia mpinzani siri zake? Ni uongo mtupu, ameutunga ili anipoteze. Nimeyaandika yote pembeni hapa ili nifanye kinyume chake.

Suruali imeshonwa vizuri. Hilo sitamwambia.

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi kaja, atakaa wiki. Mama akasema atamtandikia mashuka mapya.

Lazima nieleze mashuka mapya. Yako ndani ya sanduku juu ya kabati tangu sijaanza shule. Meupe, yana maua ya bluu pembeni. Kwetu kitu kizuri hakitumiki, kinatunzwa. Vikombe vya dhahabu viko kabatini vinangoja mgeni wa maana. Wageni wamekuja miaka na miaka, hajatokea wa maana. Makochi bado yana nailoni ya dukani. Ukikaa na kaptula siku ya joto, kuinuka ni lazima usaidiwe.

Basi mama akapanda kigoda, akashusha sanduku, akalifungua mbele ya shangazi kwa madaha. Panya walikuwa wametangulia. Walikuwa wamepita katikati ya yale mashuka mara moja, lakini kwa kuwa yalikunjwa mara nane, tundu moja limekuwa mengi. Mama akaliinua shuka likawa kama chujio. Akakaa kitandani. Akasema taratibu kwamba siku zote alikuwa anasubiri nafasi. Shangazi akamshika bega, akamwambia wifi yangu, nafasi ilikuwa kila usiku ulipolala.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kosa la mama liko wazi: sanduku lilikuwa na upenyo. Lingezibwa vizuri mashuka yangekuwepo hata miaka mingine ishirini.

Kisha nikapata wazo. Shangazi ana gauni linalompwaya. Nikamshawishi alipeleke kwa Sindano, nikamsisitizia aseme analitaka Jumamosi mchana bila kukosa. Gauni lina mapindo kumi na vifungo visivyohesabika. Sindano atakesha nalo, atakuja kwenye mechi anasinzia. Mwenye akili hashindi vita uwanjani, anavishindia nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Gauni limeshakwisha. Saa nne asubuhi lilikuwa tayari. Shangazi amelivaa kutwa nzima, anajigeuza mbele ya kioo, anasema huyu binti ana mikono. Mama anaitikia. Kesho wote wawili wanakuja bandani, kwanza kumwona kapteni wa familia, pili kumshukuru fundi.

Halafu mama akaniambia habari nyingine kwa furaha. Mama ni mpishi wa shule, ile ile niliyoiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Amewaambia walimu wote kwamba mwanawe ni kapteni. Hata yule wa hesabu, aliyewahi kusema mbele ya darasa kwamba mimi sitaongoza hata foleni. Mwalimu akampa mama mkono wa hongera. Mama alinionyesha ulikuwa mkono upi.

Sikula vizuri.

Mazoezi ya mwisho. Nimepanga mapipa katikati ya ngome kama mjomba anavyopanga tofali: safu juu ya safu, la juu limekalia kiungo cha mawili ya chini, yamenyooka kama yamepimwa kwa timazi. Mwenye banda akanikumbusha kwamba pipa likiwaka linawaka na jirani yake, mapipa hutawanywa. Nikamwambia vitu vikitawanywa vinaibiwa. Akanitazama kama mtu anayesoma tangazo la msiba, akaenda kuchaji simu za watu.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa kifupi, kwa sababu za kiafya.

Bandani watu wamejaa. Mama mstari wa mbele. Shangazi na gauni lake kakaa upande wa Sindano, eti kuna upepo.

Zamu ya kwanza nikanunua mapipa. Ya pili nikanunua mapipa. Ya tatu, mabomu ya mkono. Ya nne Sindano akavingirisha pipa moja hadi kwenye pembe ya ukuta wangu, akaliwasha. Pembe ikaenda, na ukuta ukafuata. Yaani ni kweli aliyoniambia! Huyu dada hana hata haya ya kudanganya.

Askari wangu wakaniuliza kwa macho tunafanyaje. Mlango wake ulikuwa wazi kabisa. Nikatuma wawili wakang'oe bendera. Sitaandika kilichowapata kizingitini.

Zamu ya saba nilikuwa na mapipa kumi na tisa, mabomu ya mkono kumi na moja. Sijawahi kuona ghala zuri kama lile kwenye kioo cha televisheni. Mwenye banda akauliza nasubiri nini. Nikasema wakati wake. Mtu mmoja nyuma akasema wakati wenyewe umeshapita, umeacha salamu.

Zamu ya nane askari mmoja wa Sindano, mmoja tu, akasimama kwenye lile pengo na mshale wa moto. Akaurusha ndani.

Kioo kikawa cheupe. Spika ikakohoa, ikanyamaza. Picha iliporudi hapakuwa na ngome, askari, wala bendera. Nyasi pia hazikuwepo. Yule mrusha mshale naye alikuwa ameondoka na mlipuko, nikatangaza kwamba angalau nimemuua mmoja. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa shangazi, na yeye alikuwa anampigia Sindano.

Mwenye banda akasimama akatangaza kwamba kapteni, kuanzia sasa, ni Sindano. Mama akageuka. Akauliza kuanzia sasa? Kwani jana alikuwa nani?

Tulipofika mlangoni mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Jumatatu atawapakulia walimu chai kama kawaida, na mwalimu wa hesabu atamuuliza. Akasema hajui atamjibu nini. Akaingia jikoni. Bora angenichapa.

Kabla jua halijazama Sindano akabisha hodi. Akamsalimia mama shikamoo, akakaa kwenye nailoni, akasema amekuja kuniomba niingie timu yake ya watu watatu. Mimi nibebe pipa. Akamwambia mama kwamba pipa ndilo linalofungua lango, wote wengine wanamngojea mbebaji, na yeye hajaona mtu anayetunza baruti kama mimi. Mama akamtazama, akanitazama. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha dhahabu, akamtilia chai.

Jumatatu mama ana cha kusema. Lango litafunguliwa na mwanawe.

Jumapili, 9 Juni

Mechi imekwisha. Naandika nikiwa mtulivu, dhamiri yangu safi.

Nilipewa askari mmoja na pipa moja. Amri ya kapteni ilikuwa fupi: zamu ya tano uwe langoni, zamu ya sita uwashe, wenzako wataingia mbio. Akaniuliza kama nimeelewa, akanifanya nirudie. Nikarudia bila kukosea.

Nilivingirisha lile pipa kama yai. Nilipita nyuma ya vichaka, nikazunguka kisima, zamu ya tano nikawa langoni na hakuna adui aliyeniona. Mtaa mzima ukashusha pumzi. Mama alikuwa amesimama.

Zamu ya sita Sindano akasema sasa.

Nikalitazama lango. Lilikuwa lango la kawaida tu, la mbao, si la kutisha. Nyuma yake ukaonekana ukuta mwingine wa mawe, mpana, wenye hadhi. Nikafikiri, pipa ni moja. Nikilimaliza hapa, kule mbele tutatumia nini? Nikamwambia kapteni bado kidogo. Zamu ya saba akasema sasa, kaka. Nikamwambia avute subira. Wenzetu walikuwa wamesimama uwanda mtupu wakingoja lango, na mishale ikaanza kuwashukia. Ya nane, ya tisa. Sindano hakuwa anasema tena lile neno sasa, alikuwa anaita jina langu la shule, lote. Zamu ya kumi na mbili filimbi ikalia.

Tumefungwa. Wale wa ng'ambo wameimba mpaka dukani.

Lakini tuangalie ukweli. Kikosi kizima kimekwisha, kaponea mmoja tu, wangu, amesimama langoni kwa adui na pipa lake halina hata mkwaruzo. Nimemweleza mama njiani: wote wamepoteza vifaa, mimi nimerudi na cha kwangu. Kesho mwalimu wa hesabu akiuliza, amwambie hivyo. Mama akauliza kama lango lilifunguka. Nikamwambia hilo ni swali la mtu asiyejua vita.

Sindano hajasema nami tangu filimbi. Nadhani anatafuta maneno ya kunishukuru. Wiki mbili zijazo kuna marudiano, nami nimempelekea ujumbe kwamba safari hii anipe mapipa mawili. Moja tuwashe, moja tubaki nalo. Na hilo la kuwasha pia tusilikimbilie, kwanza tuone hali.