Mediterane ya Achille

Siku hizi Achille mwenyewe anakubali, tena bila kupigwa: siku ile mjinga alikuwa yeye. Anakubali akinywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine, na anaongeza haraka kwamba ujinga wake ulikuwa wa mtu mwenye akili nyingi, si ule ujinga wa kawaida unaopatikana kila pembe ya soko. Tumwachie hiyo faraja. Hana nyingine.

Ilikuwa mwaka 2002. Mwezi wa kwanza volkano iliteremka Goma, ikapita katikati ya mji bila kubisha hodi, ikaingia madukani, ikaingia makanisani, ikamaliza kwa kuoga ziwani. Waasi waliotawala mji wakati ule walitangaza redioni kwamba wanaidhibiti hali. Lava haikuwa na redio. Watu walikimbia, wakarudi, wakaanza kupiga misumari juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto, kwa sababu mtu wa Goma akisubiri mambo yapoe hatajenga kamwe.

Achille alikuwa ametoka upande wa Bukavu miaka kumi nyuma. Aliwahi kuwa karani mahali fulani. Mahali gani, hata yeye alijibu tofauti kila mara. Suruali zake zilinyooshwa pasi hata siku ile volkano ilipomkimbiza, na alikuwa na pikipiki nyekundu aliyoipenda kuliko alivyowahi kupenda binadamu. Kazi yake ilikuwa kuongea.

Mwezi wa sita, akiwa kwenye baa moja, alimsikia Donat, mtu wa bohari wa ONG fulani, shirika la misaada, akilalamika mbele ya sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

"Tunatafuta parseli ya kuweka bohari, upande wa Mapendo," alisema Donat. "Kubwa, malori yaingie. Tunakodi miaka tatu, na mwaka wa kwanza tunatanguliza yote, kwa dola. Lakini kila mahali ni mawe yamesimama kama meno."

"Unataka tambarare?" aliuliza Achille.

"Kama meza."

Achille aliweka gilasi chini, polepole, kama padri anavyoweka kikombe. Aliwajua Muzee Habiyaremye na mke wake Emerance, watu wa Masisi, wauza jibini. Nyumba yao ya Mapendo ilikuwa imezikwa na lava hadi kichwani. Sasa waliishi mtaa wa Katoyi, uani kwa mdogo wake Emerance, chini ya hema la plastiki lililowapiga makofi kila upepo ulipovuma. Parseli ilibaki yao, lakini nani angeitaka? Achille hakuwa na pesa ya kununua hata ukuta. Alikuwa na mdomo, na gazeti la rangi ambalo mzungu mmoja alilisahau juu ya kiti. Ndani ya gazeti, bwana na bibi wenye kofia za majani walikuwa wanatembea wakati wa joto kando ya bahari ya Mediterane, ndani ya gari dogo lisilo na paa, kutoka Marseille hadi Napoli.

Kesho yake alikuwa Katoyi, amekaa juu ya bidoni ya maji, anatabasamu.

"Muzee, mama, muna miaka ngapi ya ndoa?"

"Makumi tatu na nane," alisema Habiyaremye.

"Tisa," alisema Emerance.

"Na konji munaendaka wapi?"

Wazee walitazamana. Neno lile la likizo lilikuwa halijawahi kuingia nyumbani mwao.

"Mwezi wa kwanza tulienda Gisenyi," muzee alisema mwishowe. "Siku tatu. Na godoro."

"Muzee, ile ilikuwa kukimbia!"

"Hata hivyo nilipumzika kidogo."

Achille alifungua gazeti juu ya magoti yake, akaanza kusoma kwa sauti ile aliyoiweka kwa ajili ya mazishi ya wakubwa. Nice, na nyumba nyeupe zinazopanda mlima. Menton, na malimau makubwa kama kichwa cha mtoto. Barabara inayokwenda imeshikana na maji, upande huu mlima, upande huu bahari, na kila kona wenye kofia wanasimama, wanatazama, wanatabasamu, wanaendelea.

"Hiyo maji haina gazi chini kama ziwa yetu?" aliuliza Emerance.

"Hapana, mama. Ni maji tu."

"Na hawa wawili wanakimbia nani?"

"Hakuna mutu wanamukimbia. Wanatembea tu."

"Wanatembea tu," Emerance alirudia, kama mtu anayetajiwa ugonjwa ambao haujafika kwao.

Muzee alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. Alilisogeza gazeti karibu na pua.

"Huu mulima wa Napoli unatoa moshi?"

"Zamani, muzee. Sasa umelala."

"Hata huu mulima wetu walituambia umelala."

"Yoo!" Emerance alipiga makofi mara moja. "Tuache volkano yetu ya bure, tuende kulala chini ya volkano ya watu?"

Achille alifunga ukurasa ule kwa upole. "Tunaweza kumalizia Genova."

Swali la pasiporti lilikuja, kama alivyotarajia. Za Kinshasa hazikufika kwenye upande wa waasi, na waasi hawakuwa na zao.

"Iko karatasi yenye mihuri tatu," alisema Achille. "Mama, mihuri tatu inashinda pasiporti moja. Ndege mutapandia Kigali tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane. Otel, chakula, gari lisilo na paa, yote nimepanga na kampuni."

"Na bei?"

"Nyinyi ni kama wazazi wangu. Munipe tu ile jiwe yenu ya Mapendo, basi."

Emerance alimtazama kwa muda. Alikuwa ameuza jibini miaka thelathini, na anayeuza jibini anajua kutazama kitu cha mviringo kwa nje na kukisia kilicho ndani. Lakini alisema tu, "Tupe siku mbili."

Siku ya tatu walikubali, ila kulikuwa na jambo dogo.

"Mutu haendi safari anaacha plastiki nyuma," alisema Emerance. "Mvua itatukuta Nice, na huku bintu yetu inaoga. Tutafurahi namna gani? Utupe mabati makumi ine, na mbao, na misumari. Mudogo wangu anajua fundi."

"Mama, kampuni hailipi nyumba."

"Basi mwambie kampuni tunashukuru. Tutabaki."

Achille alipiga hesabu. Mwaka mmoja wa dola za Donat ungenunua pikipiki tano, na moja yenye kioo pande zote mbili. Jumamosi aliiuza ile nyekundu kwa mfanyabiashara wa mji wa Kiwanja. Aliitazama ikipanda barabara ya kaskazini hadi vumbi likaisha, na pua ilimwasha kwa muda mrefu. Mabati, mbao na misumari vilifika Katoyi kwa chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Emerance aligonga bati moja moja, akarudisha matatu yaliyokuwa na kutu hadi yakabadilishwa. Kisha akakumbuka kwamba hawana sanduku la kusafiria. Achille akaleta sanduku, la kahawia, lenye pembe za chuma.

"Ni gumu," muzee alisema, akilijaribu kwa kulikalia. "Nzuri."

Sasa inabidi tuseme neno kuhusu desturi, maana ndipo mguu wa Achille ulipoteleza. Mtu akinunua parseli kwetu, anazunguka mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne, na shefu wa avenue, mkuu wa barabara ile, akiwa mbele. Kila jirani anasema, "Hapa ndipo ninapoishia mimi." Halafu watu wanakunywa. Baada ya volkano desturi hii ilipata uzito mara mbili: ua wa miti ya miyenzi uliotenganisha nyumba na nyumba ulikuwa majivu, na chini ya lava kila mtu alikuwa na parseli ya ukubwa aliojisemea.

Lakini Achille hakutaka jirani hata mmoja. Jirani ana masikio, na pengine alishasikia kuhusu Donat na dola zake.

"Muzee, majirani tuwaache," alisema. "Batu iko na wivu. Wakisikia habari ya Mediterane, watawaloga mbele ya kufika Kigali."

"Kweli," alisema Emerance. "Wivu ni mubaya. Twende Jumapili, wakiwa misa."

Alikubali haraka kiasi kwamba mtu mwenye akili kidogo angeogopa. Achille alikuwa nazo nyingi.

Jumapili saa nne, Mapendo ilikuwa tupu, nyeusi, imenyamaza. Achille aliishi upande mwingine wa mji. Mapendo alikuwa akipita tu, tena kwa mwendo wa kukimbia watu aliowauzia vitu, kwa hiyo hakuwahi kupata nafasi ya kujifunza sura yake hata kabla ya lava. Muzee Habiyaremye alitembea na fimbo, akahesabu hatua, akasimama, akatafakari, akahesabu tena.

"Mulango ulikuwa hapa. Jikoni pale. Nenda, nenda, nenda... mpaka pale mwisho."

Achille alitaka kucheka kwa furaha. Kulia kulikuwa na mawe yaliyosimama kama meno. Kushoto, meno. Hapa katikati lava ilikuwa imepita imelala, laini, pana, ndefu.

"Iko ndefu, muzee!"

"Tulinunua zamani. Udongo ulikuwa bei rahisi."

"Na kwa nini hapa tu ndipo tambarare?"

Emerance aliinua kidole, akaonyesha mbinguni. "Mungu."

Walirudi Katoyi, wakatia sahihi juu ya sanduku. Achille aliandika karatasi ya mauzo kwa Kifaransa kizuri, chenye koma nyingi. Upande wake hakukuwa na wasiwasi. Tarehe kumi na nne angekuja mbio kusema ndege imechelewa. Baadaye angesema vita. Goma ya wakati ule, ukisema vita, hakuna anayekuomba ushahidi.

Hakuhitaji kufika huko. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane alimleta Donat kutazama bohari yake ya kesho. Walikuwa bado mbali waliposikia mngurumo, na Donat akasema, "Volkano?" Hapana. Lilikuwa katapila. Lilikuwa linasaga lava, linasukuma, linasawazisha, na pande zote mbili wakaaji wa Mapendo walikuwa wanapiga vigelegele, kwa sababu baada ya miezi saba barabara yao ilikuwa inafunguka.

Na pale kandokando, juu ya yale mawe yaliyosimama kama meno, ilisimama nyumba mpya ya mbao, mabati arobaini yanang'aa hadi yanaumiza macho, mlango umetazama barabara. Emerance alikuwa mlangoni na meza ya jibini. Habiyaremye alikuwa amekaa juu ya sanduku la kahawia, anatazama katapila kama wale wenye kofia walivyotazama bahari.

Achille aliruka mbele ya katapila, mikono juu.

"Simama! Simama! Hii ni parseli yangu!"

Dereva alizima injini ili asikie vizuri. "Papa, hii ni avenue. Ni avenue tangu wakati wa Wabelgiji."

"Nina karatasi!"

Shefu wa avenue, Muzee Ntirenganya, alikuwa pale, amevaa koti la sherehe. Aliipokea karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Wewe ni Achille?"

"Ndiyo, shefu."

"Mimi shefu, uliniita?"

"Shefu, mambo yalikuwa..."

"Majirani gani walizunguka na wewe?"

Achille alinyoosha mkunjo wa suruali yake.

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Saa ngapi?"

Achille alitazama viatu vyake. "Saa ya misa."

"Ayii!" walisema wanawake wote pamoja, na mmoja akajifunga kitenge upya ili asipitwe na chochote.

"Mutu ananunua parseli saa ya misa," shefu alisema, akiwageukia watu. "Lava ilipita barabarani kwa sababu barabara ilikuwa wazi. Hata jiwe la moto lilijua kwamba hii ni njia."

Donat alikuwa amegeuka ili kucheka kwa adabu. Alipomaliza, alimwendea muzee na kumuuliza taratibu kama nyuma ya ile nyumba bado kuna nafasi, na kama katapila linaweza kuisawazisha.

"Iko mita ishirini na tano ya parseli yetu," alijibu Habiyaremye. "Majirani watakuzungusha. Sasa hivi, ukitaka."

 Zile zilikuwa dola za Achille, zinaondoka mbele yake kwa miguu ya Donat.

"Hawa ni wezi!" alipiga kelele. "Shefu, tazama vizuri! Niliuza pikipiki yangu! Mabati ni yangu! Zile mbao ni zangu! Hata lile sanduku analokalia!"

"Tunashukuru," alisema muzee. "Halipindi."

"Niliwaamini kama wazazi! Niliwaandalia safari, otel, bahari! Na nyinyi muliniuzia barabara!"

Watu walisogea karibu. Hata dereva aliegemea nje ya katapila. Shefu alimgeukia Emerance. "Mama, anasema mulimuuzia barabara. Unajibu nini?"

Emerance alifuta kisu cha jibini kwenye kitambaa, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Ni kweli tulimupa," alisema. "Barabara unayo, papa Achille, na leo imefunguliwa. Tangulia. Sisi tutakukuta Nice."